Una taaluma, uko Kampala, na kazi zilizopo ziko chini ya elimu yako: uchague ipi?

Ninawaandikia watu wa aina hii: muuguzi wa A1 (ngazi ya diploma ya chuo) kutoka Bukavu ambaye sasa anapiga deki kliniki moja huko Katwe, mhandisi kutoka Bujumbura anayehesabu mbao Ndeeba, mwalimu wa hisabati kutoka Beni anayetembeza vitenge Nsambya. Wote watatu wana haki ya kufanya kazi Uganda. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa ruhusa ya kutafuta ajira, na inamruhusu hata kufanya taaluma yake, ilimradi sifa zake zimetambuliwa na mamlaka za hapa. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowaweka watu wetu kwenye deki na mbao. Kutoka siku ya kupewa kitambulisho hadi siku vyeti vinapokubaliwa hupita miezi, wakati mwingine miaka, na anayeishi mjini hapewi mgao wa chakula. Lazima afanye kazi fulani. Ila ipo nafasi ya kuchagua, na uchaguzi huo unaleta tofauti kubwa kuliko tunavyoambiana.

Njia ninazoziona zikifuatwa ni nne. Kuna anayefanya kazi ya ngazi ya chini pembeni ya taaluma yake: muuguzi anakuwa mtu wa mapokezi kliniki, mhasibu anakuwa karani wa stoo, mwalimu anakuwa msaidizi wa darasa. Kuna anayefungua biashara ndogo isiyohusiana na alichosomea. Kuna anayeweka yote kando na kufuatilia vyeti kwanza. Na kuna anayekwenda kwenye makazi ya wakimbizi, Nakivale au Kyaka II, kufanya kazi za mashirika kwa posho. Kwa walio wengi mimi naegemea ya kwanza, kwa masharti mawili: kazi unayoifanya iwe ndiyo iliyoandikwa, na upate siku moja huru katikati ya wiki. Lakini biashara ina hoja nzito kuliko wasomi wengi wanavyopenda kukubali, kwa hiyo nitaanza kwa kuziweka hizo mbili bega kwa bega.

Kwanza, kuridhika na kazi kunatoka wapi

Miaka ya 1950 Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh kuhusu nyakati walizofurahia kazi na nyakati walizoichukia. Waligundua kwamba sababu za kuichukia hazikuwa kinyume tu cha sababu za kuifurahia. Mshahara mdogo, msimamizi mkali na mazingira mabaya viliwachukiza. Lakini kilichowafurahisha kilikuwa kingine kabisa: kukamilisha jambo, kutambuliwa, kubeba wajibu, kukua. Nadharia hiyo imekosolewa sana baadaye, lakini kwa mtu aliye chini ya elimu yake bado ni kipimo kizuri, kwa kuwa inamlazimisha aulize maswali mawili badala ya moja. Kazi hii inaniumiza kiasi gani? Na je, ina chochote kinachonijenga? Kazi inaweza kulipa vizuri kidogo, isikuumize sana, na bado ikakuacha mtupu.

Tafiti za baadaye juu ya watu wenye elimu kuzidi kazi zao zinakubaliana kwamba wengi wao huridhika kidogo kuliko wenzao waliopata kazi zinazowafaa. Tafiti hizo hizo zinaonyesha jambo la kutia moyo: anayepewa uhuru wa kuamua namna ya kufanya kazi yake huumia kidogo zaidi, hata cheo kikiwa kilekile. Kumbuka hilo tunapofika kwenye biashara.

Pembeni ya taaluma, au biashara yako

Tuanze na fedha. Kima cha chini cha mshahara kinachotajwa Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984 na hakijabadilishwa mpaka leo. Maana yake ni kwamba hakuna sakafu. Mshahara wako ni ule mliokubaliana, na mgeni asiyejua bei za hapa hukubali haraka. Faida ya ajira ni kwamba unajua tarehe ya malipo, ingawa haiheshimiwi kila mara. Biashara inakuletea pesa kila siku na haina dari, lakini mtaji wake unakaa mfuko mmoja na ada ya watoto na dawa ya malaria. Wengi niliowaona wakianguka hawakukosa wateja. Mtoto aliugua, mtaji ukaliwa, na mwezi uliofuata hakukuwa na bidhaa ya kuuza. Ukiingia biashara bila kikundi cha akiba, likelemba au SACCO, uko peke yako siku hiyo.

Kinga ya sheria iko upande wa ajira. Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka saa 48 kwa wiki, siku ya mapumziko, na likizo ya siku 7 za malipo kwa kila miezi minne ya kazi. Tangu sheria ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, irekebishwe mwaka 2022, kila mwajiri anatakiwa kumchangia mfanyakazi wake hata akiwa naye mmoja tu: asilimia 10 kutoka kwa mwajiri, asilimia 5 kutoka kwako. Najua kliniki na shule ndogo nyingi hazifanyi hivyo, lakini angalau una pa kuanzia kudai. Anayetembeza bidhaa hana hata hapo pa kuanzia. Tangu Januari 2022, KCCA, yaani mamlaka ya jiji la Kampala, ilipoanza kuwaondoa wachuuzi barabarani katikati ya jiji, mwenye beseni la vitenge anaweza kupoteza mtaji wote kwa asubuhi moja. Biashara ninayoizungumzia hapa kwa heshima ni ile yenye chumba au meza sokoni na leseni ya biashara. Ya kutembeza ni ya kujikimu, na anayeifanya anastahili msaada ili aitoke.

Kwa heshima na uhuru, biashara inashinda, tena kwa mbali. Kwenye ajira ya chini utaamrishwa na mtu mdogo kwa umri na kwa elimu, kwa Kiingereza au Kiluganda usichokimudu bado, na ukinyamaza ataona huna akili. Maumivu hayo yapo, na sitaki mtu ayapuuze. Dukani kwako hakuna anayeuliza cheti. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 21 ya wakimbizi wa Kampala walikuwa na biashara zilizoajiri angalau mtu mwingine mmoja, na katika walioajiriwa, asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Mwalimu aliyefika hapa na begi moja na leo analipa mishahara ana haki ya kulala ameridhika, hata kama hajashika chaki tena.

Ujuzi wenyewe ndio unaonivuta kurudi upande wa ajira. Ustadi wa mikono hufifia. Muuguzi aliyekaa miaka mitatu nje ya wodi atapata taabu siku baraza la wauguzi linapomuuliza amefanya kazi wapi hivi karibuni na ni nani anayeweza kumshuhudia. Mtu wa mapokezi kliniki, hata kama haruhusiwi kumgusa mgonjwa, anasikia majina ya dawa yanavyotamkwa hapa, anajifunza fomu za Wizara ya Afya, anajua rufaa inakwenda wapi, anafahamiana na daktari atakayemwandikia barua. Mhasibu ana bahati kuliko wote, kwa kuwa biashara yoyote ni mazoezi ya taaluma yake. Kwake hoja ya ujuzi haipo kabisa, na akiweza duka, afungue duka.

Kuhusu muda, mambo si kama yanavyoonekana. Watu husema biashara inakupa uhuru wa kufuatilia vyeti. Kwa wengi haitoi. Siku ya kufunga ni siku ya njaa, na mteja akikukosa mara mbili anahamia kwa jirani. Ajira yenye siku moja huru katikati ya wiki inakufikisha ofisini bila kukugharimu chakula cha jioni.

Mtego ulio ndani ya njia ya kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wetu wazuri wanapopotelea.

Mwenye kliniki atagundua mapema kwamba mfagizi wake anajua kupata mshipa wa mtoto ambaye wengine wameshindwa. Usiku mmoja atakuita uweke dripu. Wiki inayofuata utaitwa tena, na baada ya mwezi utakuwa ndiye muuguzi wa zamu, kwa mshahara wa deki. Kinachofanya mtego huu uwe mgumu kuuona ni kwamba saa ile unayoweka dripu ndiyo saa nzuri kuliko zote katika wiki yako. Unajiona mzima tena. Kuridhika huko ni kwa kweli, na mwajiri anakulipa kwa kuridhika huko badala ya pesa.

Lakini huna usajili wa Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, na bila usajili huo kumtibu mtu ni kosa. Mgonjwa akipata madhara, jina la mwenye kliniki halitakuwa kwenye sindano. Mkono wako utakuwa. Na baraza ambalo kesho ungeliomba likusajili litakuwa limeshakufahamu kama mvunja sheria. Duka la dawa ni vilevile: linahitaji leseni ya Mamlaka ya Dawa ya Taifa na mtu mwenye sifa zinazotambulika nyuma ya meza, na mamlaka hiyo hufanya misako na kufunga maduka. Usikubali kukaa hapo kwa sababu tu unajua dawa.

Kazi halali pembeni ya uuguzi zipo: mapokezi, kumbukumbu za wagonjwa, usafi wa vifaa, uhamasishaji wa jamii, na ukalimani. Kazi hii ya ukalimani watu wanaidharau bure. Kampala ina wagonjwa wengi wasemao Kiswahili, Kifaransa, Lingala au Kinyarwanda ambao hawawezi kumweleza daktari wanapoumia, na mkalimani aliyesomea uuguzi ana thamani kuliko mkalimani wa kawaida. Humo unatumia elimu yako bila kuvunja sheria.

Kwa mwalimu, mtego ni laini zaidi: anaitwa msaidizi, anafundisha vipindi vyote vya wiki, analipwa kama msaidizi. Naye anatakiwa kusajiliwa na Wizara ya Elimu, lakini hakuna anayekufa darasani, na barua ya mwalimu mkuu baada ya mwaka mmoja ina uzito. Mhandisi ndiye mwenye njia safi kuliko wote. Bodi ya Usajili wa Wahandisi yenyewe inamtaka mwenye shahada apitie kipindi cha kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Kuchora michoro inayotiwa saini na mwingine kunauma, lakini ni sehemu ya barabara yenyewe. Kama ofisi ya mhandisi itakuchukua kwa malipo kidogo kuliko duka la mbao, nenda ofisini.

Kufuatilia vyeti kwanza, bila kazi

Mlolongo wenyewe ni huu. Cheti cha sekondari hupelekwa UNEB, Bodi ya Taifa ya Mitihani, ili ikilinganishe na cha hapa. Diploma na shahada zinakwenda NCHE, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, Kyambogo. Kisha baraza la taaluma yako, likiwapo, linaamua kama utasajiliwa, na huenda likataka mtihani au kipindi cha kazi chini ya usimamizi. Karatasi za Kifaransa zinahitaji tafsiri ya Kiingereza kutoka kwa mfasiri anayekubalika. Kila hatua ina ada yake. Mfumo wa Kongo wa zamani, graduat ya miaka mitatu na licence ya miaka miwili, haulingani moja kwa moja na wa hapa, kwa hiyo jiandae kwamba daraja utakalopewa linaweza lisiwe lile ulilozoea kujiitia.

Aliyekimbia waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025 au Bukavu mwezi uliofuata huenda hakubeba karatasi hata moja. Kwake kuandikia chuo, kumtafuta mwalimu wa zamani, kumwomba ndugu apige picha nakala iliyobaki nyumbani, yote hayo ni kazi ya muda mrefu ambayo hawezi kuipangia tarehe. Ndiyo maana siipendi njia hii ikiwa peke yake.

Kuna sababu nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Marie Jahoda na wenzake walichunguza Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa na karibu kila mtu amekosa kazi. Walikuta watu wakiazima vitabu vichache maktaba kuliko zamani, ingawa sasa walikuwa na muda wote duniani. Wanaume walitembea polepole. Ninaiona hali hiyo hiyo Kampala kwa mtu aliyekaa chumbani mwaka mzima akingoja barua. Alisema atasoma Kiingereza, hakusoma. Mtu mwenye kazi mbaya ya saa nane kwa siku anajifunza Kiingereza zaidi kwa kubishana na wateja na wasimamizi, na jioni anapita kwenye madarasa ya mashirika ya kusaidia wakimbizi, JRS au YARID, pale Nsambya.

Namna pekee ninayoiunga mkono ya kungoja ni pale ambapo mmoja katika nyumba ana kipato, vyeti vyote viko mkononi, na mamlaka husika imekwisha kusema wazi kinachokosekana. Hapo miezi michache ya kukaza buti inalipa.

Neno kwa wanaongoja ndege ya kuhamishiwa ng'ambo. Tangu Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na waliokuwa wameweka maisha yao yote kwenye faili hilo wameumia sana. Hata anayefanikiwa kufika nchi za Magharibi anakutana na jambo lile lile: huko pia wahamiaji wenye shahada hukutwa kwenye kazi zilizo chini ya elimu yao mara nyingi kuliko wenyeji. Ujuzi utakaoulinda hapa ndio utakaokwenda nao.

Nakivale, Kyaka II na posho za mashirika

Makazini cheo chako kiko karibu zaidi na taaluma. Mwalimu anafundisha, muuguzi anafanya kazi za afya ya jamii, na majirani wanakujua kwa hilo. Nyumba ni yako, kuna kipande cha ardhi, hakuna kodi ya mwisho wa mwezi. Kwa kuridhika kwa kila siku, huenda njia hii inaizidi ajira ya Katwe. Udhaifu wake ni kwamba imesimama juu ya bajeti za watu walio mbali. Mwaka 2025 fedha za misaada zilipokatwa, WFP, Shirika la Chakula Duniani, iliwaondoa wakimbizi karibu milioni moja nchini kwenye orodha ya chakula, na mashirika yakapunguza watu. Pia uko mbali na ofisi za vyeti: Mbarara tu iko takriban kilomita 270 kutoka Kampala, na Nakivale iko mbele ya hapo. Ukienda, chukua barua ya utumishi kila mkataba unapoisha, si baada ya shirika kufunga ofisi.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna mlango wa ziada

Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 ulikuwa tayari umekiweka kati ya masomo ya lazima ya miaka ya mwanzo. Mwalimu wa kemia kutoka Goma anayefundisha Kiswahili bado hajafika alikosomea, lakini amesimama mbele ya darasa, anashika chaki, anasahihisha madaftari, anajuana na walimu. Kwangu hii ndiyo kazi bora kuliko zote zilizo chini ya elimu ya mtu hapa Kampala. Usiende mikono mitupu, hata hivyo. Kuzungumza Kiswahili tangu utotoni hakukuandai kwa ngeli, insha na fasihi za mtihani. Tafuta vitabu vya Kiswahili sanifu, soma hata miezi mitatu, ndipo upeleke barua.

Nani achague ipi

Kijana chini ya miaka thelathini na mitano, mwenye vyeti mkononi na taaluma ya afya, ualimu au uhandisi: pembeni ya taaluma, hata kwa pesa kidogo. Miaka yako ya kutumia usajili huo ni mingi. Mzazi wa miaka hamsini mwenye watoto watano na karatasi zilizoteketea: biashara yenye leseni, na asijione ameshindwa. Mwanasheria kutoka Kongo anahitaji ushauri wa peke yake, kwa kuwa sheria za hapa zina asili ya Kiingereza na zake zina asili ya Kibelgiji. Nafasi yake iliyo karibu ni ofisi za msaada wa kisheria kwa wakimbizi, kama mkalimani au msaidizi. Mkenya au Mtanzania asiye mkimbizi, akiwa mhasibu, msanifu majengo, mhandisi au daktari wa mifugo, aanze kwa kuuliza bodi ya kwao kuhusu mikataba ya kutambuana taaluma ndani ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini kati ya 2011 na 2016. Huenda asihitaji kushuka ngazi yoyote. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022 tu, kwa hiyo Mkongo asitegemee mikataba hiyo bila kuuliza.

Ukiamua kuajiriwa, fanya haya kabla ya siku ya kwanza. Omba barua inayotaja kazi zako moja moja. Mwajiri akikataa kuandika hata mistari mitano, tayari amekwisha kukueleza atakavyokutumia. Uliza NSSF kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejua. Piga hesabu ya nauli ya teksi kwa mwezi na uitoe kwenye mshahara kabla ya kuulinganisha na chochote. Na siku yako ya mapumziko iandikwe kwa jina, Jumanne au Alhamisi. Jumapili haitakufaa kwa jambo hili, kwa sababu siku hiyo NCHE, UNEB na mabaraza yote yamefungwa.